Tarakimu sita kwenye karatasi za Keya

SWALI: Wahariri, salaam. Mjukuu wetu aliyeko Uingereza ametutumia picha za kurasa za 36 KAR (batalioni ya 36 ya King's African Rifles, ndiyo Keya), Burma, Agosti hadi Novemba 1944. Babu yetu alikuwa Keya katika batalioni hiyo. Tumezipekua zote, jina lake halimo, na karibu kila mstari una tarakimu sita tusizozielewa. Zinasomwaje? (Familia moja, Newala)

JIBU: Jina msilitafute humo. Hiyo ni shajara ya vita: afisa wa makao ya batalioni aliiandika kutokana na taarifa za hali zilizoletwa na kombania kwa simu ya upepo au kwa tarishi. Maafisa walitajwa majina, askari wakahesabiwa. Mkiona "3 AOR", ni askari Waafrika watatu, basi.

Tarakimu sita ni za aina mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea. 121830 ni wakati: tarehe 12, saa 18:30, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwezi usomeni juu ya ukurasa. 438275 ni mahali kwenye ramani. Tatu za kwanza hupimwa kuelekea mashariki: mstari wa 43 wa gridi ya ramani, na sehemu nane kati ya kumi kuufuata wa 44. Tatu za mwisho hupanda kaskazini: mstari wa 27 na nusu. Ukianza na kaskazini utamweka babu upande mwingine wa mto. Namba hizohizo hujirudia mbali kwenye ramani nyingine, kwa hiyo bila namba ya ramani hazina faida.

Mara nyingi kuzitofautisha ni rahisi. Wakati hauwezi kuzidi 31 mwanzoni, 23 katikati na 59 mwishoni. 43 si tarehe.

Msiamini sana siku. Doria iliyotoka Jumatatu ikarudi Jumatano huandikwa Jumatano, na majeruhi walewale huweza kuhesabiwa tena katika taarifa ya brigedi kesho yake. "NTR" maana yake hakuna la kuripoti, na hapo mara nyingi anazungumziwa adui; si kwamba siku ilikuwa nyepesi. Bonde la Kabaw, huko Burma, mwezi Agosti lilikuwa mvua, malaria na matope ambayo hata barabara zetu za mlimani wakati wa masika ni afadhali.

Jambo moja zaidi, kama mnataka kuagiza kurasa nyingine. Batalioni za Tanganyika ziliishia na 6: 6, 26, 36, 46. Lakini 36 KAR ilikuwa chini ya Brigedi ya 26, na 26 KAR chini ya Brigedi ya 25, zote za Divisheni ya 11. Ukiomba "26" tu, utaletewa babu wa watu wengine. Shajara hizo ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu la WO 172.

Tafuteni cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kikitaja herufi ya kombania, A au C, someni mistari ya kombania hiyo peke yake.