Maswali na majibu: Sokka na Zuko

Maswali mengi niliyoletewa safari hii yanahusu Avatar: The Last Airbender, katuni ya Nickelodeon iliyoonyeshwa 2005 hadi 2008, hasa Sokka, rafiki wa steringi Aang, na Zuko, mwanamfalme wa Taifa la Moto aliyeanza kama adui. Nimechukua machache.

Mbona Sokka alimsamehe Zuko haraka, na dada yake Katara akakataa katakata? (Tanga)

Hakumsamehe haraka. Wewe umeanzia msimu wa tatu. Rudi mwanzo uone Zuko anavyotia nanga kijijini kwao: wanaume wote wameenda vitani, Sokka kabaki peke yake na watoto na akina mama, kajipaka rangi za vita usoni, anapigana na askari wenye chuma mwili mzima. Mwisho wa msimu wa kwanza Zuko kazirai kwenye theluji, Aang anataka wamchukue, na Sokka angemwacha palepale.

Tofauti ya hao ndugu wawili iko kwenye mapango ya mji wa Ba Sing Se. Katara alimwonea Zuko huruma, akaligusa kovu lake, akawa tayari kumtibu kwa maji matakatifu aliyoyatunza safari nzima. Muda si mrefu Zuko akaungana na dada yake Azula, na Aang akapigwa radi. Sokka hakuwemo pangoni. Aliyesalitiwa ana kwa ana ni Katara. Ndiyo maana nawaomba wazee wa familia: msimharakishe aliyeumizwa asamehe kwa sababu tu ndugu yake kashasamehe.

Urafiki wao ulianza lini hasa? Nitajie sehemu moja tu nikaitazame. (Mombasa)

Ni mbili, na zinakwenda pamoja: The Boiling Rock, msimu wa tatu.

Sokka ana aibu inayomla. Mpango wa kuvamia Taifa la Moto siku ya kupatwa kwa jua ulikuwa wake, ukashindwa, na baba yake Hakoda akakamatwa. Anambana Zuko amwambie mateka wanapelekwa wapi. Usiku ananyemelea kutoroka peke yake, kumbe Zuko keshakaa juu ya mnyama wao Appa anamsubiri. Wanaondoka na puto la vita, maneno hayapandi. Sokka anasema mchumba wake wa kwanza aligeuka mwezi. Zuko hajui kufariji mtu, anaishia kumpa pole ya maneno machache. Kila mtu anachekea hapo, na wengi wanaishia hapo kwa sababu ndicho kipande kinachozunguka kwenye simu.

Endelea. The Boiling Rock, gereza wanaloliendea, limezungukwa na ziwa linalochemka. Njia ya kutoroka imepatikana na Suki, mpenzi wa Sokka aliyefungwa humo, yuko tayari kuondoka. Sokka anasikia kwamba kesho wanaletwa mateka wapya, labda baba yake yumo, anaamua kubaki. Zuko anabaki naye, ingawa baba si wake. Siku ya kutoka, Zuko anachelewa makusudi ili auvunje mkono wa mtambo unaoendesha kigari cha kwenye waya, wasiweze kusimamishwa. Kisha anaruka, na Sokka anamdaka. Urafiki naupima hapo, kwa mtu kukaa mahali ambapo angeweza kuondoka.

Suki je? Si Zuko alichoma kijiji chake? (Nairobi)

Alichoma. Suki anamkumbusha, Zuko anaomba radhi kwa sentensi moja, basi. Waandishi walimpunja. Nyumba za watu zilihitaji zaidi ya hapo.

Zuko ndiye aliyemuua Yue? (wengi)

Hapana! Zhao, kamanda wa Taifa la Moto, ndiye aliyemuua samaki mwenye roho ya mwezi, na Yue, yule mchumba wa kwanza wa Sokka, akatoa uhai wake kuirudisha. Nimeshalijibu hili. Tazameni kabla ya kuuliza.

Ile ya Netflix ya 2024 inatosha? (Dodoma)

Msimu wake wa kwanza, wenye sehemu 8, haufiki gerezani.

Shikamoo. Mchumba wangu akikasirika anavunja vitu. Nikimvumilia, si atabadilika kama Zuko? (Morogoro)

Marahaba, mwanangu. La. Mai alimpenda Zuko, na Zuko akaondoka akamwachia barua. Hakubadilishwa na uvumilivu wa msichana. Alimkabili baba yake, akaiacha ikulu, akaenda kwa watu aliowakosea, akakiri mwenyewe kwamba ndiye aliyemtuma muuaji awafuate. Wakamfukuza kwa maji, na bado akarudi kuwapigania. Wa kwako amekiri nini, na kwa nani? Toka kwanza, uwe salama kwa ndugu zako. Kama atabadilika, atabadilika ukiwa huko, na mshenga ataijua njia.

Mwanangu ana miaka saba. Naweza kumwachia aangalie peke yake? (Zanzibar)

Kaa naye. Zipo sehemu 61, na kuna mama aliyeuawa, baba aliyemchoma mwanawe uso, na vita tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto atauliza kwa nini Sokka anacheka na mtu aliyewahi kuwawinda, na inafaa akuulize wewe.