Sikumwona si sawa na hakupita

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mwendesha baiskeli asiyetajwa na mtu akiibuka na kuwabwaga vigogo, tumpongeze au kwanza tumshuku kuwa katumia dawa? Jibu langu la kwanza lilikuwa neno moja: tumpongeze. Nimekaa nalo siku tatu, na sasa sipo tena pale nilipoanzia. Mniwie radhi kwa urefu.

Kwanza hilo neno "kuibuka". Kuibuka machoni pa nani? Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda Gent-Wevelgem, mbio kubwa za siku moja kule Ubelgiji, Machi 2022, akiwa na miaka 21, Ulaya ilishtuka. Kwao Asmara, mji mkuu, walifurahi, lakini sidhani kama walishtuka. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, baiskeli zimo tangu enzi za Waitaliano, na Daniel Teklehaimanot wa hukohuko Eritrea alishavaa fulana ya madoa mekundu ya wapanda milima kwenye Tour de France ya 2015, mbio za wiki tatu za kuzunguka Ufaransa. Girmay aliporudi mwaka 2024 akabeba hatua tatu za Tour na fulana ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, kwao ilikuwa kazi inaendelea.

Sasa niseme langu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu kijana wilayani Hai. Yakaandaliwa mashindano ya baiskeli, kutoka Moshi mjini hadi Boma Ng'ombe na kurudi. Pale Boma pa kugeuzia liliwekwa pipa, nami nikapewa daftari: kila anayelizunguka, nipige tiki kwenye namba yake. Mwenye tiki kafika, asiye na tiki kakatiza njiani. Waliotegemewa ni vijana wa klabu kutoka Arusha, wenye baiskeli za gia. Kamati ilishanitajia saa watakayofika wa kwanza, na kwa hesabu hiyo nilikuwa na dakika kumi mkononi. Nikaingia kibandani kwa mama mmoja, nikaagiza chai, mgongo nimeupa barabara.

Nikasikia mtu anasema, "Dada, habari za kazi." Nikaitikia "Nzuri" bila kugeuka. Nilidhani ni mpita njia.

Aliyefika Moshi wa kwanza, akiwaacha wa klabu karibu dakika nne, alikuwa na namba 31. Kijana wa Machame, kila alfajiri anateremsha keni mbili za maziwa mpaka mjini, halafu anapandisha mlima na gunia la pumba za ng'ombe. Baiskeli yake Phoenix, keria ameifungua asubuhi ileile ili ipungue uzito. Wateja wake wa maziwa walimjua. Kamati hawakumjua.

Nilipofika Moshi na pikapu walikuwa wamemkalisha kwenye benchi.

"Kijana, umekatizia wapi?"

"Sijakatiza, mzee. Nimezunguka pipa. Muulizeni dada mwenye daftari, nilimsalimia."

Nikaitambua sauti. Mwingine akasema huyu hakukatiza, huyu ana dawa. Na kwetu "dawa" ni neno pana: wakamvua fulana wakitafuta hirizi, wakakagua kiunoni, kisha wakafungua chupa yake wakanusa. Uji mwembamba wa ulezi. Wakaumwaga chini. Naukumbuka uji ule ukinywewa na vumbi, naye akiutazama, maana hakuwa ametia kitu kingine tumboni. Ndipo mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, huyu ulimwona?"

Nikasema, "Sikumwona."

Lilikuwa neno la kweli. Lakini wote pale walisikia "hakupita", nami niliona maana ikigeuka mbele ya macho yangu, nikanyamaza, kwa sababu neno la pili lingekuwa chai. Kijana akaniangalia. "Sawa, dada," akasema. Zawadi, baiskeli mpya ya gia, ikaenda kwa wa pili. Yeye akachukua Phoenix yake akarudi Machame.

Ndiyo maana Vuelta ya 2011, mbio za wiki tatu za Hispania, hainitoki kichwani. Juan José Cobo aliibuka akashinda kwa sekunde 13 tu mbele ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye naye hakuna aliyemtegemea. Froome alieleza kwamba alikuwa akiumwa kichocho, na wengi Ulaya hawakushawishika. Sisi tuliokulia karibu na mifereji ya mpunga ya Moshi Chini hatuhitaji kuelezwa kichocho kinavyommaliza mtu nguvu. Basi nilikuwa upande wa Froome kabisa. Na mwaka 2019 Cobo alivuliwa ushindi ule kwa ushahidi wa damu yake, ukapewa Froome. Lakini Froome huyohuyo mwaka 2017 alikutwa na salbutamol, dawa ya pumu, kupita kiwango, akasafishwa 2018. Nilifurahi aliposafishwa, ila sikulala na uhakika uleule.

Tena yupo Lance Armstrong, yule Mmarekani aliyeshinda Tour mfululizo, na hapa "tumpongeze" yangu ndipo inapolegea. Miaka yote ngao yake ilikuwa moja: nimepimwa mara nyingi, sijakutwa. Dunia ikasikia "hakutumia". Tour saba, 1999 hadi 2005, zikafutwa zote mwaka 2012, na Januari 2013 akakiri mwenyewe. Emma O'Reilly, aliyekuwa mkandaji wa timu yake, alishasema mapema alichokiona, akatukanwa na kushtakiwa. Yule mama alikuwa mahali pake, macho wazi, na angesikilizwa watu wengi wangepona.

Kwa hiyo nashuku. Nimeliandika hilo na silifuti. Ila shaka yangu naiweka kwenye daftari, si kwenye benchi la kumvulia mtu nguo. Tangu 2008 waendesha baiskeli wa kulipwa wana pasipoti ya kibaiolojia: damu ya mtu inalinganishwa na damu yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita. Huo ni utaratibu ninaouheshimu, ingawa una pengo lake. Anayetoka kusikojulikana ndiye mwenye kurasa chache, ndiye pia tunayemshuku zaidi, na kurasa zile hakuziacha tupu yeye. Kabla sijamnyooshea kidole, nataka anayeshuku aseme kwanza alikuwa amekaa wapi.

Yule kaka bado anauza maziwa, siku hizi kwa pikipiki. Tukikutana ananisalimia vilevile. Baiskeli ile hakuipata, na daftari silijui liliko. Namba yake ilikuwa 31. Alinisalimia pale kwenye pipa, nami niliitikia.

Mwalimu mstaafu, Hai