Jogoo anaweza kubeba mtu?

SWALI: Shikamoo anko. Naandika hadithi ya watu wa sentimita 15 wanaoishi chini ya banda la kuku, kwao kuku ni lidude la kutisha kama twiga. Mshkaji wangu aliyesoma sayansi kanikatisha tamaa, anasema mmoja akidondoka toka juu ya mwembe hadithi imeishia hapo. Eti kweli? Na shujaa wangu anaweza kumpanda jogoo kama farasi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye mwembe mshkaji wako kachemka. Ukimpunguza mtu mara 12 kwa urefu, ngozi inapungua mara 144 lakini uzito unapungua mara 1,728, kwa hiyo wa kilo 70 anabaki gramu 40 tu, sawa na vile vipanya vya stoo viwili, akianguka hewa inamshikilia. Haldane, mwanasayansi wa Uingereza, aliandika mwaka 1926 kwamba kipanya ukikidondosha kwenye shimo la mgodi la mita 900 hivi kinashtuka kidogo kisha kinajiondokea, ilimradi chini pasiwe pagumu sana.

Mimi ningeogopa masika. Wewe ukitoka kuoga maji yanayokuganda mwilini ni kama nusu kilo, huyasikii hata, ila kwa mtu wako maji hayohayo ukilinganisha na uzito wake ni mara 12, yaani ni kama wewe utembee umebeba ndoo ya lita 6, na hapo sijaweka nguo, nguo zikilowa ndo kabisaa.

Halafu njaa! Mwili mdogo unapoteza joto haraka, kipanya kinakula karibu robo ya uzito wake kila siku, kwa hiyo watu wako watashinda wanatafuna, sijui mapenzi watayafanya saa ngapi. Hata mwandishi Swift aliteleza hapa kwenye hadithi yake ya Safari za Gulliver (1726), Gulliver anafika nchi ya watu wafupi kama wako, wale wafupi walipiga hesabu ya ukubwa wa mwili tu wakampa jamaa chakula cha watu 1,700 na ushee, kumbe mtu mkubwa hali kwa kasi ya mdogo, angevimbiwa yule.

Nguvu watakuwa nazo lakini, misuli haipungui kwa kasi ya uzito, kwa hiyo mmoja anaweza kubeba wenzake kadhaa mgongoni, itumie hiyo.

Sasa jogoo. Kubeba anabeba, gramu 40 kwa jogoo wa kilo mbili na nusu ni kama wewe na kamkoba kenye kilo moja na kidogo. Shida ni kumfikia huo mgongo. Kuku anadonoa kitu chochote kinachocheza mbele yake, juzi tu hapa uani nimemuona tetea wangu anakimbia na mjusi mdomoni, wenzake wanamfukuza, kabla sijasimama kashammeza, mkia tu ndo unaning'inia.