Pesa yako iweke kwenye chuma kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Majengo, Moshi, alinitumia ujumbe saa nne usiku. "Shikamoo kaka. Nimeona kazi zako za mninga. Na mimi nataka kuunda CNC yangu. Nimeshanunua mota 4, draiva, Arduino na skrini ya rangi. Nimebakiwa na laki moja na nusu. Fremu nataka niiunde kwa plaiwudi na reli za droo. Naomba unielekeze kinachofuata." Kwa asiyejua, CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta; Arduino ni ubao mdogo wa kompyuta unaotoa amri, na draiva ndizo zinazozisukuma mota kwa umeme. Akaambatanisha picha: vitu vyote kavipanga juu ya kitanda, bado vimo kwenye vimifuko vyake vinavyong'aa.

Niliitazama ile picha muda mrefu. Mwaka 2019 nilipanga vitu vilevile juu ya kitanda changu hapa Unga Limited, Arusha, nikapiga picha kama ile ile, nikawatumia ndugu na marafiki. Usiku ule sikumjibu. Namjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnataka kitu kimoja: mashine yenu wenyewe, iliyotoka mikononi mwenu, bila kusubiri mamilioni ya kuagiza iliyokamilika.

Nianze na kilichonisukuma mimi. Nilikuwa nachonga vibao vya lodge kwa mkono, kwa patasi na ruta ya kushika, ile mashine ya umeme inayozungusha biti, yaani kisu cha kuchonga. Kibao kimoja cha mninga chenye jina na picha ya twiga kilinichukua siku tatu. Halafu vikaanza kuingia vibao kutoka Nairobi kupitia Namanga, herufi zimenyooka kama zimepigwa chapa, bei karibu nusu ya yangu. Wateja wawili wa miaka mingi wakanihama ndani ya mwezi mmoja. Sikuwalaumu, lakini niliumia. Nikasema kama ni mashine, basi na mimi nitakuwa na mashine.

Mashine ya kwanza niliiunda kwa MDF, zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi. Reli zilikuwa za droo, zile za duka la vifaa vya makabati. Skrubu za kusogezea zilikuwa fimbo za nati za M8 (unene wa milimita 8), zinazouzwa kwa mita kwenye maduka ya ujenzi. Mota zilikuwa za saizi ndogo, NEMA 17. Karibu hela yote iliishia kwenye umeme: mota nzuri, draiva za akiba, skrini, taa. Nilipoiwasha mara ya kwanza ikachonga jina la binti yangu, NEEMA, kwenye kipande cha MDF. Jirani zangu walisimama mlangoni wakipiga makofi. Hata leo nikilikumbuka lile jina kifua kinajaa.

Angalia hizo herufi lakini. N, E, M, A. Zote ni mistari iliyonyooka. Mashine yangu ilikuwa mbovu, ila jina la mwanangu halikuwa na duara la kunionyesha.

Duara lilikuja na oda. Mwenye lodge moja upande wa Usa River alinipa kazi ya vibao 14 vya namba za vyumba na kibao kimoja kikubwa cha getini. Mbao alileta mwenyewe, mninga mkavu wa miaka, mzito, mwekundu, harufu yake ikajaa karakana nzima. Namba 1 hadi 9 nikaona zina kasoro kidogo, nikajifariji kwamba msasa utaficha. Nikafika 10. Ile sifuri ilitoka kama yai lililokaliwa: juu na chini imebapa, na pale mashine ilipogeuza mwelekeo kuna kijingazi unachoweza kukigusa kwa ukucha. Nati ya M8 inacheza kwenye fimbo yake. Mota ikigeuka, skrubu inazunguka kidogo bure kabla haijaanza kusukuma. Kwenye mstari ulionyooka huoni. Kwenye duara huwezi kuficha.

Kibao cha getini ndicho kilichonimaliza. Fimbo ya M8 inasogea milimita 1.25 tu kwa mzunguko, kwa hiyo hata mota ikizunguka mara 200 kwa dakika, biti inatembea milimita 250 tu. Ni mwendo wa kinyonga. Biti ikawa inasugua mbao badala ya kuikata, moshi ukaanza kutoka. Ndipo nikaongeza mwendo. Mota hizi hugeuka kwa hatua ndogo ndogo; yangu ikaanza kulia na kuruka hatua, na Arduino haijui kama mota imeruka, yenyewe inaamini iko pale ilipoagizwa. Nilikuwa nimeinama kuokota penseli. Nilipoinuka, biti ilikuwa imekata mstari wa mshazari kutoka kwenye herufi ya tatu mpaka ukingoni, kina cha milimita 6, kwenye ubao ambao sikuwa na uwezo wa kuununua.

Yule bwana alikuja kesho yake. Aliutazama ubao, akanitazama, akasema mbele ya mafundi wenzangu wote: "Wewe ni fundi wa kwenye simu." Nililipa ubao kwa kuuza ruta yangu ya mkono, ile iliyokuwa inanilisha. Nimeshamsamehe, lakini maneno yale bado ninayo.

Miezi iliyofuata siisimulii. Nilipiga rangi za watu, nikafunga makabati ya watu.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyestaafu kazi ya kukereza vyuma. Siku moja alipita karakana, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba aione hiyo mashine iliyonitia aibu. Hakuwasha kitu. Alitoa mfukoni geji yake ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha hata msogeo mdogo, akaiegemeza kwenye daraja linalobeba ruta, akalisukuma daraja kwa dole gumba. Kidole kimoja tu. Mshale ukazunguka ukapita milimita moja.

"Sasa mbao ya mninga inasukuma kwa nguvu kuliko kidole changu," akasema. "Kijana, umenunua akili ukasahau mifupa."

Mdogo wangu wa Moshi, kama utabeba neno moja kutoka hapa, beba hilo la mzee. Chuo cha MIT, Marekani, walipoonyesha mashine ya kwanza ya namna hii mwaka 1952, sehemu ya umeme ilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Siku hizi akili yote inakaa kiganjani. Programu ya GRBL, inayokaa ndani ya Arduino Uno na kuongoza mota, ipo tangu mwaka 2009 na ni ya bure. Inkscape ya kuchorea ni ya bure. Akili imeshuka bei mpaka karibu na sifuri. Mifupa haijashuka. Chuma bado ni chuma, na ndicho kinachokata. Kwa hiyo pesa yako iweke kwenye chuma kwanza.

Mashine ya pili nilianza na fremu, na kwa miezi minne sikununua hata waya. Nilitumia skweapaipu, bomba la chuma la pembe nne, nikakatia kwa grenda, tukachomelea kwa fundi wa jirani. Hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chuma kikichomelewa kinavutwa na moto. Ukimaliza kona moja yote ndipo uhamie nyingine, fremu inajikunja. Piga nukta ndogo kona zote kwanza, kisha ruka kona kwa kona kama unavyokaza nati za gurudumu. Pima mshazari kwa mshazari kwa tepu. Pande zinazotazamana zikiwa sawa na vipimo hivi viwili vikilingana, kona zako ni sawa. Mafundi wa nyumba wanaijua hii pamoja na ile ya 3, 4 na 5, wala huhitaji chombo cha bei.

Tepu lakini haikuonyeshi fremu iliyojipinda kama karatasi iliyonyanyuliwa kona moja. Mzee alinifundisha uzi. Unachukua uzi wa kuvulia samaki, unaufunga kutoka kona hadi kona, nyuzi mbili zinapishana katikati. Zikigusana kidogo tu, bila moja kuisukuma nyingine, fremu yako imelala sawa. Zangu ziliachana nafasi ya kupitisha shilingi mia. Nilitamani kulia. Tukachukua kopo la soda, tukalikata vipande kwa mkasi, bati lake ni nyembamba karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, tukawa tunaweka kipande kimoja kimoja chini ya reli, tunakaza bolti, tunaangalia nyuzi, tunalegeza, tunaongeza. Jumamosi nzima. Chini ya reli yangu ya kushoto, mwisho wa nyuma, kuna vipande saba vya kopo mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo nikaagiza vingine kupitia wakala wa Kariakoo, kwa meli, kwa sababu vyuma kwa ndege utalipia kila kilo: reli za SBR20, skrubu za mipira za SFU1605 (nati yake inatembea juu ya vigololi vya chuma), mota kubwa zaidi za NEMA 23 na draiva za TB6600. Skrubu ile inasogea milimita 5 kwa mzunguko na nati yake karibu haichezi kabisa. Hesabu yake ni rahisi. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, nimezigawa mara 8 kwenye draiva, zinakuwa 1,600. Gawa kwa 5 unapata 320. Hiyo ndiyo namba unayoandika kwenye GRBL, hatua 320 kwa milimita. Kisha iamuru itembee milimita 100, upime mwenyewe. Usiamini namba ambayo hujaipima.

Eneo la kuchonga ni sentimita 60 kwa 90. Watu wananiuliza kwa nini sikuifanya ya karatasi nzima ya MDF, milimita 1220 kwa 2440. Kwa sababu chuma kilekile ukikirefusha mara mbili, kinapinda mara 8 kwa mzigo uleule. Anza ndogo iwe ngumu. Mtu mwenye mashine ndogo ngumu anakula kila siku.

Mengine nayasema haraka. Usichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme. Mimi nilifanya hivyo mara moja na ile harufu ya kuungua naijua. Waya za swichi za ukingoni zipitishe mbali na waya wa ruta, na uzivalishe ngao iliyofungwa kwenye ethi, la sivyo mashine itasimama katikati ya kazi ikidhani imegonga ukingo. Ukiona biti inatoa unga badala ya vimaranda, inasugua. Punguza mzunguko wa ruta au ongeza mwendo. Umeme ukikatika, mashine inasahau ilipo, hivyo chonga alama yako ya sifuri, yaani mahali pa kuanzia, kwenye meza mahali unapoweza kuirudia. Vaa miwani na barakoa, vumbi la MDF lina gundi ndani yake na mapafu hayana spea. Weka kitufe chekundu cha kuzima karibu na mkono. Na usiiache mashine peke yake hata uende dukani mara moja. Mimi niliinama kuokota penseli tu.

Jumla ya mashine ya pili ilinifikisha 1,850,000, kwa muda wa miezi kumi na moja, na zaidi ya nusu ya hela hiyo ni chuma, reli na skrubu. Mashine ya kwanza ilinigharimu laki saba na ushee, na ruta yangu, na jina langu. Ipi ilikuwa ya bei rahisi?

Ndugu zangu, tunapenda sana vitu vinavyowaka taa. Tunapenda kupiga picha. Skrini ya rangi unaweza kumwonyesha mtu, lakini nani atakusifia kwa skweapaipu? Nawasihi, vumilieni miezi ile ambayo huna cha kuonyesha. Vumilieni kupima mara ya tano. Chuma kwanza. Nimeshasema, narudia, na nitarudia kila mtakaponiuliza.

Mwezi uliopita nilichonga vibao 22 vya vyumba vya lodge nyingine, kwenye mbao ya loliondo, ambayo ni ngumu kuliko mninga. Nilipofika namba 10 nilisimama karibu, mikono nyuma, nikaitazama biti ikizunguka ile sifuri kutoka mwanzo mpaka ilipokutana na pale ilipoanzia. Nikaipitishia ukucha. Hakuna kitu. Nikazima ruta nikakaa kwenye benchi kidogo kabla ya kuendelea na 11.

Basi mdogo wangu, jibu lako ni hili. Ile skrini iuze, na mota moja kati ya zile 4 kama huna kazi nayo. Tatu zinakutosha kwa daraja dogo. Plaiwudi usinunue. Hiyo laki na nusu usiiguse, panda basi la asubuhi uje Jumamosi. Fundi wa kuchomelea atakuwepo, na mzee nimeshamwambia, geji yake bado anatembea nayo mfukoni. Uzi wa samaki ninao. Kuna skweapaipu iliyobaki ya kazi yangu, imeegemea ukuta nyuma ya mlango, inatosha pande mbili za fremu yako. Nimeiandika MOSHI kwa chaki ili mtu mwingine asiikate.