Unatafuta mababu? Mimi nilipata bibi, tena kwenye mbegu ya kibuyu

Ndugu mleta uzi, pole sana kwa kufiwa na mzee. Umeuliza mambo mawili: uanzie wapi kuwatafuta mababu zako kabla shamba la ushago, kule kijijini kwenu, halijakatwa na kuuzwa, na kama kuna kitu cha kule unachoweza kupanda kwenye baraza ya ghorofa ya tatu hapa Nairobi, watoto wako wapate kuona walikotoka. Waliotangulia wamekujibu moja moja. Mimi nayajibu pamoja kwa sababu kwangu yalikuwa jambo moja, ingawa nilichelewa kulijua.

Mimi ni Mkamba wa upande wa Mwala, kule Machakos, nimezaliwa hapa hapa Nairobi, naishi Komarock. Nyuma ya nyumba nina kipande cha futi 10 kwa 15 hivi. Udongo ni ule mweusi: kiangazi unapasuka hadi kiganja kinaingia, mvua ikinyesha unarudi ndani umebeba nusu ya shamba kwenye viatu.

Mwaka 2015 nilianza kama unavyotaka kuanza wewe, kwa daftari na kalamu. Nikaenda kwa wazee wa ukoo, nikauliza baba yake babu aliitwa nani, na baba yake huyo, na wa juu yake. Nikapewa wanaume saba, wamepangwa mmoja juu ya mwenzake kama matofali. Hakuna kisa hata kimoja. Wazee walinitajia orodha ile kama mtu anayekutajia namba ya simu. Nikaridhika, nikaichapisha, nikaitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni. Mke wangu akasimama mbele yake na sufuria mkononi, akauliza, "Na hawa wote walizaliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikasirika kidogo, nakiri.

Mwaka uliofuata jiko la susu lilibomolewa. (Susu kwetu ni bibi, mama yake baba. Alifariki 2011.) Shangazi akanipa kitete kilichokuwa kikining'inia juu ya moshi, kibuyu kidogo cha ukubwa wa ngumi mbili, mdomo umezibwa kwa gunzi. Nikakitikisa, kikalia. Ndani mlikuwa na majivu na mbegu za kibuyu. "Hizo zimezeeka," akasema, "lakini mimi hupanda kila baada ya miaka michache, nitakupa za juzi. Ni mbegu ile ile. Mama alikuja nayo alipoolewa." Aliitoa wapi? "Kwa susu yake. Kwani hukujua?"

Ningejulia wapi? Shangazi huyu huyu nilikaa naye saa mbili mwaka uliotangulia na daftari langu, akanipa chai na majina mawili tu. Ila nilikuwa nimemuuliza habari za wanaume. Mbegu sikuiuliza, na mbegu kwetu haikurithiwa na mwanamume. Ilitoka kwa mama kwenda kwa binti, au kwa susu kwenda kwa mjukuu, ikahama boma kila msichana alipoolewa. Kwa hiyo iliwapitia watu ambao orodha ya ukoo haikuwa na nafasi yao.

Nikapanda. Hapo ndipo nilipoaibika. Nilizitia ardhini Aprili, mvua za masika zimeshika, nikajiona mkulima. Mche ukatoka vizuri, ukafika urefu wa goti, kisha Julai ya Nairobi ikaingia na baridi yake. Majani yakawa ya manjano, mmea ukasimama pale pale mpaka ukafa. Nikampigia shangazi. Alicheka mpaka simu ikakatika. "Nani alikwambia masika ni mvua ya kutegemea?" Ukambani mvua ya kuaminika ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na watu hupanda udongo ukiwa bado mkavu, wakingoja. Mimi nilifuata kalenda ya Nairobi kwa mbegu ya Mwala, na Nairobi nayo iko juu zaidi na ina baridi zaidi.

Oktoba nikarudia. Nililoweka mbegu 12 usiku kucha, zikaota 5. Safari hii mmea ulipanda ukuta, ukashika kamba za nguo, ukaanza kumchungulia jirani. Maua yakaja mengi, meupe kama karatasi. Asubuhi nayakuta yamenyauka, yanaanguka, hakuna tunda. Wiki mbili namna hiyo. Nikampigia tena.

"Umeyaangalia usiku?"

Sikuwa nimeyaangalia usiku. Kumbe ua la kibuyu hufunguka jioni, na anayelitembelea ni nondo, si nyuki wa mchana. Huku kwetu sidhani nondo wana muda na maua. Wote wanazunguka taa ya ulinzi ya jirani. Basi ikabidi kazi ya nondo niifanye mimi. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba na nyuma yake hakuna kitu. Ua jike nyuma yake kuna kibuyu kidogo tayari, chenye manyoya, kama kidole cha mtoto mchanga. Unachuma dume, unaondoa zile petali nyeupe, unabaki na kijiti chenye unga wa njano, kisha unaugusisha taratibu katikati ya jike. Ukiona huna majike, kata ncha ya mtambaa mkuu. Matawi ya pembeni ndiyo huyaleta.

Nilifanya hivyo saa moja na nusu jioni, tochi ya simu mdomoni. Jirani alinikuta, akarudi ndani bila kunisalimia. Nadhani mpaka leo ana maoni yake.

Lakini zile jioni ndizo zilizonipa nilichokosa na daftari. Nilikuwa naweka simu juu ya ndoo, spika imewashwa, shangazi ananielekeza ua baada ya ua, na katikati ya maelekezo anasimulia. Mikono yangu ilikuwa na kazi, sikuwa namkodolea macho na kalamu, wala hakuwa akihojiwa. Nikupe mfano mmoja.

Susu aliitwa Wayua, na kitambulisho chake kiliandikwa amezaliwa 1936. Jina hilo kwa Kikamba linatokana na yua, njaa. Hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa ukame. Majina yetu mengi ni hivyo: Mumbua alizaliwa mvua ikinyesha, Mutuku usiku, Kioko asubuhi. Basi mimi, mjanja wa mjini, nikajipa kazi ya kutafuta njaa ya 1936. Nilitafuta miezi. Nikakisia kwamba karani alikosea mwaka, nikamsogeza susu mbele na nyuma kama kochi. Shangazi aliposikia akaniuliza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa: "Wewe jina lako ulizaliwa nalo au ulirithi?"

Nilirithi, kwa babu. Na susu naye alirithi kwa susu yake. Njaa haikuwa ya 1936. Ilikuwa ya Wayua wa kwanza, na shangazi aliijua kwa jina: Ngomanisye, ile iliyoenea kila mahali. Hiyo imeandikwa vitabuni, ni ya miaka ya 1898 na 1899, wakati ukame, ndui na maradhi ya ng'ombe viliwashukia watu kwa mkupuo, na reli ikipita Ukambani kuelekea Nairobi, ambako ilifika Mei 1899. Piga hesabu: mtoto wa 1898, mwanawe miaka 20 hivi baadaye, mjukuu 1936. Inakaa. Karani hakukosea.

Kwa hiyo onyo la kwanza kwako: kwetu, na kwa Wakikuyu pia, majina huruka kizazi na kurudi. Ukikuta jina moja mara mbili usidhani ni mtu mmoja, na ukikuta jina lenye maana usikimbilie kudhani maana hiyo ni ya aliyenalo. Zaidi ya hapo, mke kwa Wakamba hamtaji baba mkwe kwa jina, na mtoto amepewa jina hilo hilo. Kwa hiyo huzuka jina la pembeni, la sifa au la kazi ya mzee, na baada ya miaka 50 la pembeni ndilo linalokumbukwa.

Jioni nyingine shangazi akasema, "Kitete kama hicho ndicho walichobebea uji walipokwenda Nairobi kudai ng'ombe." Nikaacha ua. Ng'ombe gani? Ni 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikichukua mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikidai ardhi imelemewa, na ng'ombe wengine wakienda kiwanda cha nyama kule Athi River. Watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kutoka Machakos hadi Nairobi kumwona gavana, wakakaa wiki kadhaa. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alikamatwa akapelekwa Lamu. Ile Barabara ya Muindi Mbingu unayopita ukielekea Soko la City ni yake. Susu alikuwa na miaka miwili, mgongoni kwa mama yake. Wayua wa kwanza alitembea kando yao, na kitete. Mimi niliyekuwa nikiamini familia yetu ilifika Nairobi baba alipopata kazi 1971!

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, lile jengo la Moi Avenue mkabala na Hilton ya zamani ambalo wengi wetu tunalitumia kusubiriana tu. Usiende kabla. Ukienda mikono mitupu utazama. Nilipokwenda nikiwa na mwaka, wilaya na tukio, niliomba taarifa za mwaka za wilaya ya Machakos na nikasoma yale maandamano yakisimuliwa na upande wa pili, kwa mwandiko wa watu waliokuwa wameudhika sana. Jina la susu halimo, wala sikulitarajia. Kama kwenu kuna mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, jiandae vivyo hivyo. Simama siku moja mbele ya sanamu za askari na wapagazi wa vita hivyo pale Kenyatta Avenue usome: zinaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Majina yenyewe hayapo.

Mengine kwa haraka. Kusanya programu za mazishi. Kila nyumba ina bahasha yake, na humo kuna wazazi, ndugu na tarehe, ingawa aliyeandika alikuwa na usingizi na huzuni, kwa hiyo linganisha mbili au tatu. Daftari za ubatizo za kanisa la kijijini zina majina ya wasimamizi, ambao mara nyingi ni jamaa. Hati za shamba na kesi ya urithi utazihitaji hata hivyo.

Sasa baraza yako. Kibuyu usijaribu, kitawafunga wenye nyumba. Panda kunde kwenye jerikani la lita 20 lililokatwa juu, toboa chini, changanya udongo na samadi iliyooza. Mwezi hivi unachuma majani, na ukiacha miche miwili ikauke una mbegu za mwaka ujao. Mbaazi ya kienyeji pia itakubali ndoo, lakini ni ya kusubiri miezi na itakupita kimo. Muhimu ni mbegu itoke kwa mtu, si kwenye pakiti. Za pakiti zinaota vizuri kuliko zangu, sibishi. Ila hakuna wa kumpigia simu zikikataa.

Na nenda shambani wiki hii, kabla ya mpima kuja kuweka mawe. Usiende na daftari peke yake. Nenda na mama au shangazi mzee, tembeeni mpaka kwa mpaka, na kila mmea uliopandwa na mtu uulize ni nani aliupanda na aliutoa wapi. Mkonge wa mpakani, mwembe wa nyuma ya choo, viazi vitamu vya bondeni. Kata vipandikizi vya muhogo na vya viazi papo hapo. Simu iwe mfukoni inarekodi, kwa ruhusa yao, na wewe shika jembe.

Kwenye ukuta wangu fremu ya wale saba bado ipo. Chini yake kinaning'inia kitete cha kwanza nilichovuna Komarock. Kilipata ufa nilipokikausha juani kwa haraka, nikataka kukitupa. Shangazi alikuja na sindano na uzi wa mkonge, akaushona ufa ule mishono 9, akaukaza kwa meno. Sasa kinashika maji.

Mbegu ninazo, kama 40. Kama kwenu bado mna kiwanja, kwa dada au kwa mjomba, zitafaa. Huwa nazitia kwenye bahasha yenye majina ya mikono yote iliyozishika: Wayua, kisha Wayua, kisha shangazi, kisha mimi, mwanamume wa kwanza humo. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie nani atazipanda, nimwandike chini yangu.