Fundo kwenye mti wa upinde

Barua tatu za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mti wa kuchonga upinde umepatikana, ila una fundo.

SWALI: Nimepasua gogo la mkole lenye urefu wa sm 175, nataka upinde wa sm 165 wa kulengea shabaha. Katikati ya mkono wa juu (nusu ya upinde iliyo juu ya mshikio) kuna fundo gumu, zima, la upana wa mm 8. Fundi seremala ananishauri nilirande lilingane na mgongo. Ni sawa? (Msomaji, Babati)

JIBU: Usilirande. Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, hutanuka, na tumbo, yaani upande unaomtazama mvutaji, hubanwa. Kinachoubeba mvuto wa mgongoni ni nyuzi za mti zinazokwenda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha. Penye fundo nyuzi hizo hulizunguka, kama maji ya mto yanavyopita pembeni mwa jiwe, na papo hapo huinuka kidogo kufuata shina la tawi. Ukikipitishia randa kile kinundu umezikata zote zilizoinuka. Mti utapendeza machoni, lakini siku ya kuvuta vibanzi vitaanza kunyanyuka pembeni mwa fundo, na mkono hautachelewa kuvunjika. Ushauri wa seremala ni mzuri kwa meza.

Kwa mkole mgongo ni ule uso ulio chini ya gome. Bandua gome taratibu bila kugusa mti wenyewe. Kibaki cha tawi kikate kwa msumeno, si kwa panga, ukiacha kama mm 5, kisha ukimalizie kwa tupa mpaka kiwe kinundu cha chini chenye mteremko pande zote. Hii si mbinu ngeni: pinde ndefu za Kiingereza zilizotolewa katika meli ya Mary Rose, iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, zilichongwa kwa mti wa Taxus baccata (Waingereza huuita yew) ambao una vifundo vingi, na mafundi wake waliacha mti wa ziada penye vifundo badala ya kuvifuta.

Sasa upana. Hesabu fundo kana kwamba ni tundu. Kama mkono una upana wa mm 38 mahali hapo, basi mti uliobaki baada ya kulitoa fundo nao ufikie mm 38. Fundo la mm 8 linadai mkono wenye mm 46, yaani uvimbe wa mm 4 kila upande. Anza kuutanua sm 3 hivi kabla ya fundo na uurudishe sm 3 baada yake, ukifuata mkondo wa nyuzi. Mstari wa katikati usiupige kwa rula. Upindishe pole pole ili fundo likae katikati ya mkono. Upinde uliojipinda kidogo kushoto au kulia hurusha mshale vizuri tu, mradi upote (uzi wa upinde) upite sawa kwenye mshikio.

Tunasisitiza upana kuliko unene kwa sababu ya hesabu. Ukiongeza upana kwa asilimia 20, ugumu wa mkono huongezeka kwa asilimia 20. Ukiongeza unene kwa asilimia 20, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 73. Kwa hiyo tumboni acha ziada ya mm 1 au 2 tu juu ya fundo, isije sehemu hiyo ikagoma kupinda na kuwatupia mzigo majirani wake.

Hao majirani ndio huumia zaidi. Fundo ni gumu kuliko mti unaolizunguka, basi randa huruka juu yake na kuchimba mbele na nyuma yake. Isitoshe, nyuzi hubadili mwelekeo kila upande wa fundo, na randa iliyokuwa ikiteleza ghafla hung'oa. Ukifika sm 10 kabla ya fundo weka randa chini, chukua tupa ya nusu duara, kisha kikwanguo au kipande cha kioo, ukienda kwa mshazari. Pima unene kwa kalipa kila sm 2, maana jicho hudanganywa na kinundu.

Wakati wa kusawazisha mpindo, penye fundo pataonekana pagumu kidogo. Paache hivyo. Wengi hukwangua hapo wakitafuta duara lisilo na dosari, na upinde hufia hapo hapo.

Kuhusu kulikwepa: una ziada ya sm 10 tu, haiwezi kulifikisha fundo kwenye mshikio wala kwenye sm 15 za mwisho wa ncha, ambako halina madhara makubwa.

SWALI: Fundo langu lilikuwa limekufa, likadondoka. Nimeliziba tundu kwa vumbi la mbao na gundi. Sasa tumboni, kando ya tundu, kuna mistari myembamba inayokatiza mkono. (Msomaji, Kitui)

JIBU: Mistari hiyo ni nyuzi zilizobanwa zikakunjika. Hazinyooki tena, na ukizikwangua zitoweke utaupunguza unene mahali palipokwisha kuzidiwa. Punguza mti kwingineko: kwangua tumbo kuanzia sm 5 mbali na tundu kwenda pande zote mbili ili mpindo uhame, na ukubali upinde wenye nguvu pungufu. Kila ukikwangua, uvute nusu nusu mara 20 au 30 kabla ya kuukagua tena.

Safari ijayo, kwanza chimba uozo wote hadi mti mgumu na ulainishe kingo za tundu kwa tupa ya mviringo, kwa kuwa kona kali ndiyo huanzisha ufa. Kiziba cha gundi ya epoksi na vumbi la mti mgumu husaidia tumboni, ambako kazi ni kubanwa. Mgongoni huzuia unyevu tu. Tundu likizidi robo ya upana wa mkono, tafuta gogo jingine.

SWALI: Nina ubao wa mninga wa dukani, fundo liko ukingoni. Nikibandika ngozi mbichi ya mbuzi mgongoni, utafaa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana. Msumeno wa kiwandani hukata mstari ulionyooka, haujali nyuzi, hivyo zile zilizolizunguka fundo zimekwisha kukatwa, na likiwa ukingoni upande mmoja hauna kitu cha kuushika. Ngozi huzuia vibanzi visinyanyuke. Haiunganishi nyuzi zilizokatika. Pasua ubao kwa urefu uliache fundo nje. Ikibaki mm 40 ya nyuzi zilizonyooka, hapo ngozi itakuwa na maana.