Kamba Hukwama Tangu Nyumbani

Kijana niliyemchukua kazini msimu wa mvua ndefu, kukata nyasi kwa mashine ya kamba ya nailoni, alinipigia simu siku yake ya tatu, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiwanja kimoja huku Mamboleo. "Fundi, kamba imekwisha." Nikashangaa, maana nyasi zenyewe hazikuwa za kumaliza hata nusu yake. Nilipofika nikafungua kichwa cha mashine mbele yake. Kamba ilikuwa imo humo ndani, karibu mita tatu, ila mizunguko ilikuwa imepandana kama tambi zilizosahauliwa kwenye sufuria. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imejifunga.

Wewe uliyeacha slasha juzi ukanunua au kuazima mashine, utakutana na jambo hili kabla ya wiki kwisha. Utalaumu mashine, utamlaumu aliyekuuzia kamba. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima hapa Kisumu, kabla ya kukubali kwamba kosa nilikuwa nalifanya jioni kabla ya kazi, nikizungusha kamba kwenye spuli, kile kibiringo kilichomo ndani ya kichwa, huku jicho moja likitazama mpira.

Basi jioni hiyo kaa chini, zima mashine na uvue kofia ya plagi. Fungua kifuniko, toa spuli na springi yake, vipanguze. Udongo wetu mweusi ukilowa hunata humo kama ugali, na springi iliyojaa tope haiwezi kusukuma kitu. Ukitaka kutoa kichwa kizima, jua kwamba katika mashine nyingi za mhimili mnyoofu, yaani zile ambazo bomba lake halijapinda, nati yake ni ya kinyume: hufunguka ikizungushwa kama mshale wa saa. Wanagenzi wengi huivunja wakiikaza zaidi wakidhani wanaifungua.

Kipimo cha kamba kimeandikwa kwenye kijitabu cha mashine, na mara nyingi hata kwenye kichwa chenyewe. Kama imeandikwa milimita 2.4, nunua 2.4. Ukiweka ya milimita 3 kwa tamaa ya nguvu, itabana kwenye matundu na kuilemea injini. Ukiweka nyembamba, mizunguko italegea na kuzama mmoja chini ya mwingine.

Sasa kunja kamba katikati, ingiza lile kunjo kwenye mkato ulio kwenye ukuta wa katikati ya spuli, kila upande upate chumba chake. Tafuta mshale uliochorwa kwenye spuli na uufuate. Ukizungusha kinyume, kichwa kikianza kwenda kasi kitalegeza kamba badala ya kuishika. Hapa usiwe na haraka. Vuta kamba ikaze, laza mzunguko kando ya mwenzake kama unavyoona uzi kwenye kibiringo kipya cha fundi cherehani, safu moja ijae ndipo uanze nyingine juu yake. Mzunguko ukivuka juu ya mwenzake, rudi nyuma uutoe, hata kama umebakisha kidogo kumaliza. Mzunguko huo mmoja ndio utakaokusimamisha kesho ukiwa katikati ya nyasi. Usijaze hadi ukingoni. Kamba ikifika kwenye mdomo wa spuli hubanwa na kifuniko, na hapo hata ugonge kichwa chini namna gani ili itoke, haitoki. Mimi huacha nafasi kama unene wa kidole, na ncha za kamba za kama sentimita 15 kila upande za kupitisha kwenye matundu. Kabla sijafunga, huvuta ncha zote mbili kwa mkono nikiwa nimebonyeza kitufe cha chini ya kichwa, kile kinachogongwa ardhini. Zikitoka laini, nalala usingizi.

Kuna ukwamaji mwingine ambao si wa kuzungusha vibaya: kamba kuungana. Unafungua kichwa, unakuta mizunguko imeshikana kama imechomewa. Kweli imechomewa. Ukipiga vitu vigumu mfululizo, kamba ndani ya kichwa hutetemeka na kusuguana, joto linapanda, nailoni inayeyuka na kujigandisha. Upande wa Riat, kwenye mawe, utayaona sana hayo. Ua la kayaba na seng'enge pia huila kamba vibaya, kwa hiyo karibu na ua mimi bado nashika slasha, sioni haya.

Kugonga nako kuna adabu yake. Mashine iwe kwenye mwendo wa juu, kisha gusa chini mara moja, mahali penye nyasi laini, si kwenye saruji. Gonga wakati kamba bado ni ndefu. Ikibaki fupi kuliko kiganja, haina uzito wa kujivuta nje, na wewe utabaki kuponda udongo hadi kitufe kitoboke. Ikifika hapo, zima injini uivute kwa mkono.

Usidanganywe na wanaofunga waya au kebo kuukuu ya breki ya bodaboda mahali pa kamba. Ni kweli haikatiki upesi, lakini ikikatika kipande chake huruka kama risasi, na hakichagui mguu wa nani.

Na miwani, tafadhali, hasa penye ua la ojuok, yaani mnyaa. Mashine hunyunyiza maziwa yake kila upande. Yakiingia jichoni huwasha vibaya mno na yanaweza kukuzuia kuona. Niliwahi kukaa chini ya bomba la mtu nusu saa nikisafisha jicho, kazi ikalala.

Jambo la mwisho nililichelewa mno kulijua. Nailoni hukauka. Kamba iliyokaa miezi chini ya mabati, kwa joto letu hili, huwa kavu na kukatika mdomoni mwa tundu kila dakika, halafu kipande kilichobaki kinarudi ndani na kupotea. Itumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kuizungusha, itapata ulaini wake tena. Yule kijana wa Mamboleo sasa huloweka kamba zake kila Jumapili jioni, na simu za saa nne zimekoma. Anayelalamika siku hizi ni mama yake, kwa sababu ndoo ni ya kwake.